Nani Aliyemgusa Paka wa Straton

Pale Ngungu, kwenye kona ambako pikipiki za kushuka Shasha husubiri abiria, kuna ubao mrefu uliowekwa juu ya mawe mawili, na ubao huo una wenyewe. Ukikaa pale bila kahawa mkononi utaangaliwa. Ukikaa na kahawa bila neno la kusema, utaangaliwa zaidi. Mwenye birika, tangawizi na uvumilivu ni Mama Uwamwezi. Wenye ubao ni watatu. Kuna Mbonigaba, wanayemwita Radio kwa sababu hakuna aliyepata kumzima. Kuna Thierry, anayeitwa Docta, kwa sababu zamani alikuwa akifagia kituo cha afya na siku moja muuguzi alimpa taa amshikie. Na kuna Straton, yeye wanamwita Semence, yaani Mbegu, maana hamalizi kikombe bila kusifu mbegu zake za maharagi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba wakati Semence alipokuja. Hakusalimia mtu. Akakaa, na Mama Uwamwezi alipomnyooshea kikombe akatikisa kichwa, basi wote wakajua kuna jambo.

— Semence, unakataa kawa? Mama Uwamwezi akauliza. Uko mugonjwa?

— Mama, paka yangu iko inakufa.

Kwingine watu wangecheka. Hapa hakuna aliyecheka, maana wote walijua huyo paka analinda nini. Mbegu ya Straton ililala kwenye dari ya jiko, magunia mawili ya maharagi yaliyochaguliwa moja moja na mke wake Francine, yakisubiri mvua. Panya wa mwaka huu walikuwa wengi na hawakuwa na adabu. Kati ya panya na njaa ya watoto wa Straton alikuwepo paka mmoja mweusi asiye hata na jina. Isitoshe, Straton alimpenda, jambo ambalo mwanaume mwenye shamba halisemi mbele ya watu.

— Inakufa namna gani? Docta akauliza, akakunja mguu.

— Tangu kucha inatetemeka. Mwili yote. Masikio inacheza yenyewe, mate inatoka, ikisimama inaanguka. Francine ameifunika na kitenge, iko analia naye.

— Sumu, Docta akasema.

— Ashi! Umesema haraka.

— Semence, mi niliona wagonjwa wengi.

— Uliona miguu yao, wakati wa kufagia! Mama Uwamwezi akasema, akaendelea kumimina.

Straton alitoa mfukoni kachupa kadogo ka plastiki, tupu, kama ka dawa ya macho, akakaweka juu ya ubao katikati yao. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa.

— Hii dawa ya kupe, ni ninyi mulichagua. Hapa hapa, siku ya soko. Sasa munieleze.

Na kweli, walikuwa wamechagua wao. Siku ya soko Straton alikuja na mbwa wake Komanda, masikio yamejaa kupe walionona, na viroboto wengi mpaka Francine alikuwa ameapa kwamba mbwa asipotibiwa yeye ndiye atahama jiko. Kesi ilichukua tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Radio sasa alijiona ameshitakiwa, akainuka.

— Tusisingiziane! Tulichagua kwa akili. Ulituletea poda ya maharagi, ile ya kufukuza wadudu mu mbegu. Nani alikataa?

— Wewe.

— Njo mimi! Nilisema imbwa inajilamba, itakula ile poda yote. Nilisema ao sikusema?

— Ulisema.

— Dawa ya kuogeshea ngombe nayo? Docta akadakia. Ile wanauzisha mu chupa ya soda, bila jina, mwenye kuuza anapima na kifuniko. Ukiwa na viatu vizuri, kifuniko moja. Ukiwa na kandambili, anakuongezea maji. Nani alijua ndani muko nini? Mi nilikataa.

— Na petroli tulikataa, kwa sababu Komanda analala karibu na moto, Radio akamaliza. Kukabaki hako kachupa ka Goma, ka ndani ya kasanduku ka karato, kako na picha. Tulichagua vizuri! Imbwa yako leo iko aje?

Hapo Straton akashindwa, maana Komanda alikuwa mzima kabisa. Majuzi jioni alimmiminia ile dawa yote nyuma ya shingo, kati ya mabega, mahali ambapo ulimi wa mbwa haufiki. Jana kupe walianza kudondoka. Leo asubuhi mbwa alikula ugali wake, akala na ule uliokuwa si wake.

— Imbwa iko muzuri, akakubali.

— Na paka, uliitia ile dawa?

— Hata tone! Si Docta alituambia? Ku karato kulikuwa picha ya imbwa, na pembeni picha ya paka na musalaba mwekundu yulu yake.

— Ndiyo, Docta akasema kwa heshima ya mtu anayejua kusoma picha. Ule musalaba inasema ku paka dawa haifanye kazi. Utapoteza bure.

— Basi sikupoteza. Paka sikuigusa hata na kidole.

— Donc basi, dawa iko nje ya kesi, Radio akasema, akakisukuma kile kichupa pembeni kwa kucha. Aliyetiwa dawa iko muzima, asiyetiwa njo anakufa. Hata mutoto wa shule anaona. Kuna muntu.

Neno hilo Straton alikuwa amelibeba tangu nyumbani. Alikuwa amelitembeza njia nzima, matopeni, na alichotaka ni mtu mwingine alitamke kwanza ili lisiwe lake. Akaangalia mikono yake.

— Wiki iliyopita, Docta akasema polepole, Komanda alikula kuku ya nani?

— Ya Élie.

— Ya jirani yako Élie. Na Élie alisema nini?

— Alisema… alisema ataonyesha ile nyumba yangu.

— Eeeh! Radio akapiga paja. Ataonyesha! Ameonyesha sasa!

— Ngojeni, Mama Uwamwezi akasema. Élie ule alimusimamia mutoto wa Semence ku ubatizo? Ule njo anapiga paka sumu?

— Mama, wanaokudhuru ni wale wanajua mulango yako iko wapi, Docta akajibu. Muntu wa mbali atatoka wapi na atajua aje paka inapita dirisha gani?

Jambo hili si la mchezo, msomaji asidhani. Huku milimani mtu akishapata jina la mpiga sumu, jina hilo linamtangulia kila anapokwenda. Mke wake akipeleka chakula kwenye matanga, sahani inarudi imejaa. Watoto wake wanacheza peke yao. Kuna waliohama, na kuna ambao hawakuwahi kuhama. Straton alijua hayo yote, na bado alisema:

— Nikitoka hapa ninaenda kwa shefu wa kijiji. Nitamutaja.

Aliposema hivyo alihisi kifua kimepungua uzito. Ilikuwa raha mbaya, lakini ilikuwa raha.

Radio alikuwa tayari na simu sikioni.

— Alo, Mama Cyusa? Ulisikia? Élie amepiga paka ya Semence sumu… Ndiyo, Élie yule yule… Kwa sababu ya kuku… Usiseme kwa mutu, eh? Sawa. Ambia tu Mama Murekatete.

— Radio! Mama Uwamwezi akafoka. Muzee muzima!

— Mama, ni kwa ajili ya usalama. Bantu wafunge paka zao.

Straton angeweza kumwambia akate simu. Hakumwambia. Alichukua kikombe alichokikataa mwanzoni, akanywa.

Sasa kijiwe kikapata moto. Radio alihama ubaoni akachuchumaa mbele yao, kama afanyavyo habari ikiwa kubwa kuliko kitako chake.

— Lakini mi najiuliza, Élie peke yake? Élie anatoa sumu wapi? Ule mwanaume anaogopa hata jik ya kufulia. Muntu anayeuzisha sumu ya panya alifika lini hapa?

— Siku ya soko, Docta akasema.

— Na ule wa kachupa alifika lini?

— Siku ya soko.

— Na gari moja! Nililiona na macho yangu, mifuko ilishuka pamoja. Sasa fikirini. Paka zikikufa, panya zinafanya nini?

— Zinazaana.

— Na panya zikizaana munanunua nini?

Docta akaweka kikombe chini.

— Sumu ya panya, akasema kwa sauti ndogo. Mungu wangu.

— Njo biashara hiyo! Élie wamemupa kidogo, amwage tu. Leo paka ya Semence, kesho ya pasta. Kufika musimu wa kupanda, Ngungu yote haina paka. Mbegu inakulwa. Tunakuwa tunanunua mbegu kwao pia!

— Na hizi kupe, Docta akasema, akasogea mbele, nani amejiuliza zinatoka wapi? Zamani kupe zilikuwa ndogo. Sasa ziko sawa maharagi. Mi nawaambia, zinaletwa. Wanaleta kupe kwanza, tununue kachupa. Tukiwa tunaangalia imbwa, wanapita nyuma, wanaua paka.

— Aka! Mama Uwamwezi akasema. Kupe analetwa na gari? Analipa kiti?

Hakuna aliyemsikia. Radio alikuwa ameshafika mbali zaidi, na uso wake ulikuwa umekaza.

— Semence, nitakuuliza kintu, usikasirike. Ile imbwa yako. Paka inakufa mu jiko moja na yeye. Yeye anakula muzuri. Analala muzuri. Hata kulia kwa uchungu hakuna. Kama kungekuwa mi, ningeanza na imbwa.

— Komanda?

— Wamemupa nyama ya ile kuku ya Élie, wakamuzoeza. Komanda njo alifungua mulango.

— Radio, imbwa itafungua mulango namna gani?

— Mi nasema tu musimwamini. Iko na macho ya muntu anajua kintu.

Hata Straton, pamoja na uchungu wake, alitaka kucheka. Lakini alimkumbuka mbwa alivyomtazama asubuhi, kichwa chini, mkia ukipiga sakafu karibu na kitenge cha Francine, akajikuta anamshuku na mbwa pia. Akajionea aibu, kisha akaendelea kumshuku.

Kule mwisho wa ubao alikuwa amekaa mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemjali. Alikuwa anaitwa Olga, mfanyabiashara wa mawese kutoka Mpofi, upande wa Walikale. Alikuwa ameuza mafuta yake yote na sasa anasubiri pikipiki ya kushuka. Alikuwa ananywa kahawa yake kwa kupuliza, akiwasikiliza kama mtu anayesikiliza ibada ya dhehebu lingine. Pikipiki ikatokea kwenye kona. Akarudisha kikombe, akajifunga kitenge vizuri, akamgeukia Straton.

— Pole ya paka, papa. Nataka kuuliza tu. Hiyo paka inalalaka wapi?

Radio, ambaye huwa ana jibu la kila kitu, akamgeukia Straton. Docta akaangalia dari ambayo haikuwepo. Straton peke yake ndiye aliyejua.

Aliliona jiko lake. Aliona baridi ya Ngungu ikiingia chini ya mlango usiku, na Komanda amejikunja kando ya majivu, na juu ya Komanda, shingoni kabisa, kati ya mabega, paka mweusi amelala ameingiza pua ndani ya manyoya. Ndivyo walivyolala kila siku tangu paka alipokuwa mdogo. Kabla ya kulala paka alikuwa akimlamba mbwa nyuma ya shingo, taratibu, kama mama anayemwogesha mtoto, mpaka Francine alizoea kuwacheka na kuwaita bibi na bwana. Majuzi usiku walilala hivyo. Jana usiku pia. Na ule msalaba mwekundu juu ya paka haukuwa unasema dawa haifanyi kazi.

— Papa? Olga akasema.

— Yulu ya imbwa, Straton akasema hatimaye. Inalala yulu ya imbwa.

Dereva wa pikipiki alikuwa anaita. Olga akapanda, akaaga, akaondoka zake, bila kujua alichokifanya.

Docta alikinyanyua kile kichupa, akakigeuza, akakirudisha taratibu mahali pake.

— Labda ilikuwa imeshakauka, akasema.

Straton alikuwa amesimama. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kitu kimoja alikikumbuka vizuri: zamani, walipokuwa wakiogesha ng'ombe wa watu kule kwenye malisho, dawa ikimmwagikia mtu mkononi wakubwa walipiga kelele aoge na sabuni haraka, asingoje.

— Mama Uwamwezi, uko na maji ya moto?

— Haya ya kawa ya pili.

— Unipe. Na sabuni.

Mama Uwamwezi alimimina maji yote ndani ya bidoni ndogo, akaongeza baridi kidogo yasije yakamuunguza mnyama, akakata kipande cha sabuni ya kufulia.

— Kawa imeisha, akawaambia wale wengine, ingawa hakuna aliyeomba.

Straton alikuwa hajageuka bado wakati Élie alipotokea kwenye njia. Alikuwa anakuja upesi, suruali imekunjwa mpaka magotini, jagi la plastiki mkononi limefunikwa na jani la mgomba. Katikati ya njia alikuwa amekutana na wanawake wawili wa kanisa lake, na hao wanawake hawakumsalimia. Ilionekana usoni kwamba aliuliza kwa nini, na kwamba aliambiwa.

Akasimama mbele ya ubao. Docta aliangalia kahawa yake. Radio aliangalia mlima.

— Semence, Élie akasema. Asubui nilisikia Francine analia kwenye ua. Nikamuliza, akasema paka imekula sumu. Nimekamua ngombe. Maziwa yote ya leo, watoto watangoja. Wanasema maziwa inazimaka sumu.

Akaliondoa lile jani. Akanyanyua jagi kuelekea mdomoni mwake. Kwetu huku anayekupa kinywaji hutangulia kuonja mbele yako, ili moyo wako utulie. Lakini hakuna aliyewahi kuonja maziwa ya kumpa paka. Élie alikuwa anaonja kwa sababu ya yale macho ya wote pale ubaoni, na kwa sababu ya wale wanawake njiani, na kwa sababu alijua kuanzia leo atakuwa anaonja kila kitu, mbele ya kila mtu, mpaka azeeke.

— Acha, Straton akasema.

— Niache nionje, Semence. Bantu waone.

— Nimesema acha, papa wa ubatizo!

Akaweka bidoni chini matopeni, akamnyang'anya jagi. Akanywa yeye. Akanywa mafundo makubwa, maziwa yakimtiririka kidevuni na kuingia kwenye shati, macho yake yakiwa juu ya Élie wakati wote, na alipolishusha jagi lilikuwa limebaki nusu.

— Hii ingine ni ya paka, akasema, akihema. Ni mi nilimupatia sumu, Élie. Kwa shingo ya imbwa. Mi mwenyewe, na mukono yangu. Na nilikuwa ninaenda kwa shefu kukutaja wewe.

Élie alipangusa uso kwa mkono wote, mara mbili. Kisha akaokota ile bidoni ya maji ya moto.

— Twende, itapoa, akasema.

Straton akageuka.

— Radio! Piga simu sasa hivi. Sema ni Straton. Taja jina langu vizuri, na la baba yangu.

Radio alitoa simu, akabonyeza, akasikiliza. Akaiangalia. Kwa mara ya kwanza tangu ubao ule uwekwe pale, alizungumza kwa sauti ambayo ilibidi mtu ainame ili amsikie.

— Unite za simu zimeisha.

— Basi simama, utembee. Nyumba kwa nyumba.

— Semence, nyumba zote hizi? Nianzie wapi?

— Kwako, kwa bibi yako.

Wale wawili wakashika njia, mmoja na maji, mwingine na maziwa, wakikaribia kukimbia. Mama Uwamwezi akamnyang'anya Radio kikombe, kikiwa bado na kahawa, akamwaga chini.